Kimeshika, Hakijakomaa

Umeshamwona. Usiniambie hujamwona. Mwanamume aliye mbele yako kwenye foleni ya posta, anataka kuweka karatasi juu ya kaunta, mkono wa kulia unafika usawa wa kitovu unagoma. Anaushika kwa mkono wa kushoto, anaupandisha kama anayemsaidia jirani kuinua gunia, anauweka juu ya kaunta. Na wewe ukatazama simu. Ukaitazama mpaka zamu yake ikaisha.

Begi lako ni singa, nyuzi za mkonge. Kiti cha gari lako kimejazwa singa, na mfuko uliobebea mkate leo asubuhi ni singa, tangu dunia ilipopiga marufuku plastiki. Kila singa ilikuwa jani la mkonge, na kila jani lilikatwa na mkono wa mtu, maana mashine zilizoletwa kutoka ng'ambo ziliziba kwa utomvu msimu wa kwanza tu. Moja bado iko kambini kwetu Kwemhosi. Imenyoosha mikono yake ya chuma, na wanawake wanaanikia nguo juu yake.

Basi ni mkono wa mtu. Na mkono wa mtu unachokea begani.

Naitwa Mashavu Kingazi. Napima mabega. Sikusomea. Nilifagia kliniki ya shamba miaka tisa, nikisoma vitabu vya daktari kila alipotoka kwenda kula, na siku mpimaji wao alipohama mimi peke yangu ndiye niliyejua kuwasha mashine. Babu yangu aliletwa Kwemhosi wakati wa manamba, wakamwita kwa namba badala ya jina, na mimi namba yake ninayo kichwani mpaka leo. Ninakumbuka mambo mengi ambayo kampuni ingependa niyasahau. Kuna moja nililisahau mwenyewe, na hilo ndilo lililoniketisha kuandika.

*

Lutengano Mwaisaka alikaa kwenye kitanda changu bila shati, wiki ya tano tangu ashonwe. Ana miaka arobaini na mmoja, anakata mkonge tangu ana kumi na tisa, na mdomo wake haujawahi kupumzika hata wakati mkono umelazwa.

"Bi Mashavu, hiyo jeli huwa mnaitoa kwenye friji makusudi?"

"Jeli ni ya kampuni. Joto uje nalo mwenyewe."

"Mke wangu Tumpe akinigusa kwa baridi hii namrudisha kwao Kyela."

"Wewe ndiye utakayerudishwa. Kaa wima, weka mkono nyuma kama unatoa pochi."

Nikapitisha kidole cha mashine juu ya bega lake. Kwa asiyejua: kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa begani kama yai juu ya kisahani, na kinachokizuia kisidondoke ni makano manne mafupi. La juu ndilo linalokatika. Zamani daktari alilishona mfupani kwa uzi, akafunga mkono shingoni, akamwachia Mungu, na mishono mingi ilifumuka. Shida haikuwa uzi. Mwili unapoumba mtoto tumboni huunganisha kano na mfupa kwa hatua: kano lenyewe, halafu gegedu laini, halafu gegedu lililoingiwa chokaa, halafu mfupa. Tabaka nne, kila moja ngumu kidogo kuliko ya juu yake. Likikatika ukubwani, mwili hauna subira hiyo tena. Unaweka kovu na kuondoka.

Kiraka kilikuja kurudisha subira. Wanakutoboa nyonga wanavuta uboho, wanachambua mbegu za seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, wanazilisha siku kumi na mbili ndani ya tangi kwa majimaji yaliyotengwa kutoka damu yako mwenyewe. Majimaji hayo kambini tunayaita chachu. Halafu wanazipanda juu ya kitambaa chembamba kilichotolewa katika ngozi ya ng'ombe, wanatoboa matundu madogo mfupani ili uboho uchuruzike, wanakishona kitambaa pale. Seli zinasoma mahali zilipo, zinajenga tabaka zote nne. Mimi nimeliona jambo hilo kwa macho yangu kwenye kioo, na sitamruhusu mtu aniambie si ajabu.

Kwenye kioo kiraka cha Lutengano kilikuwa kimelala juu ya mfupa vizuri. Hapakuwa na mwanya mweusi wala maji chini yake.

"Kimeshika," nikasema.

"Kimeshika kabisa?"

"Kimeshika."

Kwetu neno hilo halina deni. Plasta ya ukuta ikishika, imeshika. Mimba ikishika, watu wanaanza kumpisha mama kwenye benchi. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha fomu, mashine ikaimeza fomu na kuipeleka kwenye geti la shamba, mashine inayompangia kila mtu ngwe yake ya kukata kwa siku, Lutengano akavaa shati kwa mkono mmoja na nusu akaondoka anapiga mluzi. Sikumwambia habari ya miezi tisa. Kushika ni wiki tano. Tabaka mbili za katikati kukomaa ni miezi tisa, na muda wote huo mtu anatakiwa kazi nyepesi. Nilidhani geti linajua. Nilidhani geti linawaambia.

*

Alirudi siku ya kumi na nane. Hakupiga mluzi.

"Mkono umenisaliti," akasema. "Nimeinua kisu, kisu kimeanguka, mkono nao ukaanguka kukifuata."

Nilimpaka jeli. Kwenye kioo palikuwa na weusi mahali palipotakiwa pawe na kiraka. Kiraka kilikuwa kimerudi ndani kwa upana wa vidole viwili, na pembeni yake kipande cha mfupa kikining'inia kama gamba la ukuta lililong'oka na msumari wake.

"Umekata ngwe gani?"

"Nzima."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe uliponiambia kimeshika."

"Hukusikia maumivu?"

"Juzi nilisikia kama kanga inachanika. Haikuuma. Nikasema, kama hakiumi basi si changu, cha kampuni hicho." Akacheka kidogo. Kisha akanitazama usoni na kuacha kucheka.

Kiraka hakina mishipa ya fahamu mwaka wa kwanza. Hilo nililijua. Kano la Mungu linapiga kelele kabla halijakatika. Hili la tangini linakatika kimya, kama mfanyakazi aliyefundishwa adabu.

*

Nyapara Shekalage alikuwa getini anapanguza kioo cha mashine kwa mkono wa shati.

"Bi mkubwa, leo umetoka jua kali."

"Nionyeshe Lutengano Mwaisaka alipangiwa nini."

"Mimi sipangi. Linapanga geti."

"Basi nionyeshe geti linasemaje."

Akabonyeza. Maneno yakaja, na siyo mengi. Kiraka: kimeshika. Ngwe: nzima.

"Na wengine walioshonwa mwaka huu?"

Akabonyeza tena, wakaja mmoja mmoja. Kimeshika, ngwe nzima. Kimeshika, ngwe nzima. Watu arobaini na sita, hakuna hata mmoja aliyefika miezi tisa, wote wako shambani saa hiyo wanakata majani na kubeba matita begani.

"Kazi nyepesi ya miezi tisa iko wapi, Shekalage?"

"Kazi nyepesi ni ya ambaye hakijashika." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mgeni. "Wewe si ndiye unayeandika? Ukiandika kimeshika, geti linaelewa amepona. Kuna tatizo? Mkwe wangu yumo humo."

Ningeweza kwenda shambani kuwaambia mmoja mmoja waache. Lakini asiyemaliza ngwe aliyopewa na geti kwa siku tatu anatolewa nyumba. Hiyo sheria nayo naikumbuka ilivyokuja, na nani alipiga makofi.

*

Daktari Rwekaza anatumikia mashamba matatu na anakula chapati baridi amesimama. Ni kijana mwenye mikono mizuri. Nikimchukia nitakuwa nadanganya.

Nilimweleza. Hakubisha. Aliketi, akafungua maelekezo ya zamani ya kiraka, yale ya mwaka wa kwanza, tukasoma pamoja. Fomu ya awali ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kiliuliza kama kiraka kimeshika. Cha pili kiliuliza kama kimekomaa.

"Cha pili kilifutwa," akasema. "Miaka mitano iliyopita, kwenye kikao cha kutengeneza fomu ya Kiswahili. Bi Mashavu, hapa pana jina lako."

Ndipo nilipoikumbuka soda ya kikao kile.

Walikuja wanne kutoka makao makuu, na maneno yao ya kigeni mawili. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kambini peke yangu mezani. Niliwapa yote mawili, kushika na kukomaa, nikaona wanavyoandika nilichosema, nikavimba. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa heshima sana: mama, nyinyi huku mnatumia lipi? Nami nikajibu, ninakumbuka sasa sauti yangu yote: "Sisi tukisema kimeshika, basi kimeshika. Hilo la pili ni la vitabuni." Wakacheka. Nikacheka. Wakakata mstari, wakanipa soda.

Nilikuwa mfagiaji aliyeulizwa neno. Nikataka kuwaonyesha kwamba lugha ya kambi inatosha. Na inatosha, ila nilikuwa nimetupa nusu yake.

"Wao walijua tofauti," nikamwambia Rwekaza. "Walikuwa na maneno mawili mkononi."

"Walijua. Ila saini ni yako." Akakunja mabaki ya chapati kwenye karatasi. "Sikiliza. Lutengano nina mbegu zake zilizobaki mara ya kwanza, ziko kwenye tangi. Alhamisi nina nafasi. Mfupa wake una mahali pamoja tu pa kushonea tena. Kano linazidi kurudi ndani, na nyama ya bega ikikaa siku ishirini na moja bila kushikiliwa inaanza kugeuka mafuta. Zikipita hizo sitamgusa, wala hakuna atakayemgusa. Nimshone Alhamisi. Wewe kila mwezi unaweka alama ya hakijashika. Geti litampa kufagia chini ya mashine za kuchambulia majani, kwenye banda la korona, miezi tisa. Atapona."

"Niandike uongo."

"Uandike uongo mmoja wenye faida."

"Na arobaini na sita?"

Alijisugua macho. "Ukiwaandikia wote hakijashika, makao makuu watasema viraka vyangu havishiki, watafunga tangi. Ukiandika barua kuhusu neno, watafunga tangi wachunguze. Uchunguzi wa mwisho ulichukua miezi kumi na minne, na Lutengano ana siku kumi na tisa. Mmoja ninaweza, Bi Mashavu. Nimechoka kutaka zaidi ya ninachoweza."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa, kwamba nilimwelewa.

*

Nilimkuta Tumpe anaanua nguo juu ya mashine ya kukatia, Lutengano ameketi kizingitini na mkono mapajani kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa. Niliwaambia yote. Kikao, soda, kisanduku, Alhamisi, arobaini na sita. Sikujipunguzia.

Tumpe aliendelea kukunja shati. "Kwa hiyo hilo neno ni lako."

"Langu."

"Na wao wakalichukua kama lilivyo."

"Walichukua walilolitaka."

"Lakini wewe ndiye uliyelitoa, dada Mashavu."

"Mimi ndiye."

Lutengano akasema, "Usiniulize mimi. Ukiniuliza nitakujibu kwa huu mkono, na huu mkono unataka Alhamisi. Hauna akili nyingine."

"Sikuja kukuuliza. Nimekuja ujue."

"Kujua nako ni kuulizwa, bwana, ila kwa ujanja." Akahema. "Ningekuwa mtu mzuri ningesema nenda kaokoe watu. Mimi ni mkataji. Nikiwa na mkono mmoja nitakula nini hapa, mawe?"

Tumpe aliweka shati juu ya mengine. "Mwamvita wa nyumba ya pili ana kiraka cha mwezi wa tatu," akasema. "Jana kanisaidia ndoo mbili kutoka bombani. Anazibeba huku anaimba."

"Unasema nini sasa?" Lutengano akamgeukia.

"Sisemi kitu. Nimetaja ndoo."

Nilipoinuka kuondoka Lutengano alinisindikiza kwa macho tu. "Ukishaamua," akasema, "usije kunieleza. Nitaona getini."

*

Jumatano asubuhi nilifungua kliniki mapema, nikatoa kwenye mashine fomu arobaini na sita na ya Lutengano ya arobaini na saba. Nikachukua rula na kalamu ya wino. Chini ya kisanduku cha kimeshika nikachora kingine kwenye kila fomu, kwa mkono, nikaandika pembeni: Kimekomaa? Nikajibu: Bado. Kwenye ya Lutengano niliandika: Kimeng'oka kwa sababu hakikukomaa, na aliyesema kimeshika ni mimi. Halafu nikailisha mashine, moja baada ya nyingine.

Nilijua itakavyokuwa. Geti halisomi mwandiko. Ukigusa nje ya kisanduku linasema fomu haisomeki, na mtu ambaye fomu yake haisomeki halimpi ngwe. Na ambaye hakupewa ngwe, hakuna ngwe aliyoikataa. Sheria yao niliipindua ikakaa upande wetu, kwa siku chache.

Nilipofika getini taa nyekundu iliwaka kwa Mwamvita. Ikawaka kwa aliyemfuata. Foleni ikaganda.

"Dada, geti limelewa," mtu akasema nyuma.

"Halijalewa," nikasema. Nikapanda juu ya jiwe la geti nikawaeleza kushika ni nini na kukomaa ni nini. Nikawaeleza nani alilitupa neno la pili. Mzee mmoja aliyevunjika bega mara mbili alinitazama kwa kitambo, akatema mate chini, taratibu, karibu na viatu vyangu. Sikusogea. Kisha wakaanza kukaa. Arobaini na sita wakakaa kando ya njia, na walio nyuma yao, ambao hawana kiraka, nao hawakuingia. Shekalage alikuwa na simu sikioni, anasema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, huku akimwonyesha mkwe wake kwa kidole mahali penye kivuli.

Lutengano alifika jua limepanda, amebeba kigoda kwa mkono wa kushoto. Aliitazama taa. Alinitazama.

"Umenikata mkono, Bi Mashavu."

"Najua."

"Haya. Sogea nikae."

Saa nane mchana gari la makao makuu lilifika, wakabandika karatasi kwenye mlango wa kliniki na nyingine kwenye tangi. Upasuaji wote umesimamishwa. Daktari Rwekaza hakunifokea. Alikuwa wa mwisho kutoka, na alipopita karibu yangu alinipa chupa ya chai, ile ya chuma, nzito kuliko chai.

"Mbegu za Lutengano," akasema pole pole. "Weka barafu kila asubuhi. Mikono ninayo, Bi Mashavu. Chumba ndicho sina."

*

Leo ni Jumanne. Watu bado wamekaa. Kampuni imetangaza kwamba Ijumaa inaleta mpimaji mwingine na fomu safi, zenye kisanduku kimoja, na huyo hatajua kuna swali la pili. Atapima, ataona hakuna mwanya mweusi, ataandika kimeshika, na atakuwa amesema kweli. Geti litafunguka. Mwamvita ataingia anaimba.

Tumpe anabadilisha barafu. Lutengano haongei sana siku hizi. Jana aliniuliza kama mafuta yakianza huwa yanaumiza, nikamwambia hayaumizi, akasema basi hata hayo si yake.

Sasa nawe. Kama una kiraka, au una mtu ndani ya nyumba yako mwenye kiraka, hesabu leo tangu siku aliyoshonwa. Kama haijafika miezi tisa, asiinue kitu. Chukua fomu yake uchore kisanduku cha pili kwa wino, mbele ya mpimaji, na akikataa usiondoke hapo kitini. Kama wewe ndiwe huyo mpimaji wa Ijumaa, usipande gari. Kama unafanya kazi makao makuu na ulikuwa kwenye kikao kile, unayo maneno yote mawili, lirudishe lililokatwa kabla ya Ijumaa, na jina langu liache lilipo.

Na kama una ufunguo wa chumba cha upasuaji, chochote, cha misheni, cha serikali, cha mifugo chenye taa nzuri, daktari yuko tayari, mbegu ziko kwenye barafu, na bega liko Kwemhosi, nyumba ya mwisho kabla ya banda la korona. Zimebaki siku kumi na moja. Usimalize kufikiri. Njoo na ufunguo.